Kosa la Mkono, Lawama kwa Jani

Paliondokea mzee mmoja, muuza chai, katika mji wa Chaozhou, mashariki mwa jimbo la Guangdong, kusini mwa China. Duka lake lilikuwa ndani ya mji mkongwe, karibu na mto Han na daraja la kale la Guangji. Mlangoni pake hapakukosekana meza fupi, jiko la mkaa, birika la udongo, buli jekundu lisilochukua hata mililita 100, na vikombe vitatu vidogo vyeupe. Desturi ya Chaozhou ni vikombe vitatu hata wageni wakiwa watano. Anayekosa zamu hii hunywa zamu ijayo, na kila zamu vikombe husuuzwa kwa maji yanayochemka.

Mzee alikuwa na mjukuu, kijana mwepesi wa hesabu na mwenye ulimi mtamu kwa wateja. Mwezi wa Juni, chai iliyochumwa majira ya kuchipua ilipokuwa imeanza kushuka kutoka milimani, mzee aliitwa mjini Shantou kumuuguza dada yake. Akamkabidhi kijana funguo na kumwachia wosia mmoja.

"Mjukuu wangu, bei unazijua, na wateja utawajua. Nakuomba jambo moja tu. Maji yakishaingia ndani ya buli, usishughulike na kitu kingine mpaka yatoke."

"Nimesikia, babu."

Kusikia alisikia. Kushika ndiko kulikobaki.

Siku chache baadaye akaingia mkulima kutoka mlima Fenghuang, ulio kaskazini mwa mji. Kwa umri alimzidi baba yake kijana, na kwa hiyo kijana alimwita Baba Mkubwa. Alibeba mzigo mdogo wa chai ya Mi Lan Xiang, yenye harufu ya asali na okidi, na mzigo wote ulitoka kwenye mti mmoja. Chai za mlima huo huitwa Dancong, na fahari yake ndiyo hiyo: mti mkongwe huchumwa peke yake na kusindikwa peke yake, ili harufu yake isipotee ndani ya harufu za jirani. Mti wa namna hiyo hautoi ila kilo chache za chai kavu kwa mwaka.

Msomaji na aelewe kilichokuwamo ndani ya mzigo ule. Miti mikongwe ya Fenghuang ni mirefu kuliko mtu, na mchumaji huipanda kwa ngazi. Majani huchumwa mchana, huanikwa kwenye jua la alasiri mpaka yalegee, kisha usiku kucha hutikiswa ndani ya nyungo za mianzi na kupumzishwa, yakatikiswa tena na kupumzishwa tena. Kingo zake huchubuka, na kwa kukutana na hewa huanza kugeuka nyekundu. Hapo ndipo ulongi hupatikana, chai iliyosimamishwa katikati ya njia: haikuachwa kijani, wala haikupelekwa mpaka ikawa nyeusi. Anayeitengeneza halali usiku huo, maana lazima ayanuse majani na kujua saa ya kuyasimamisha. Kunapokucha huyatia kwenye karai la moto, huyasokota, huyakausha. Kisha huja kuyabanika juu ya makaa, moto mdogo, zaidi ya mara moja, kwa wiki kadhaa.

Mkulima alihitaji mnunuzi mmoja anayejua thamani ya kazi hiyo, na siku ile alikuwapo: mwenye nyumba ya chai kutoka Guangzhou, aliyetafuta chai moja nzuri ya kuwakaribishia wateja wake. Wakaketi watatu.

Kijana akalipasha buli kwa maji ya moto, akatia gramu 8 za majani yaliyolijaza zaidi ya nusu, akamimina maji yanayochemka. Mpaka hapo hakukosea. Kisha simu ikalia. Alikuwa mteja wa jumla akiuliza bei. Kijana akasimama, akatoa hesabu, akabishana, akacheka, akaaga. Aliporudi mezani zilikuwa zimepita dakika zipatazo nne. Akamimina hivyo hivyo.

Mgeni akagonga meza kwa vidole viwili, ndivyo wanavyoshukuru watu wa Guangdong wanapomiminiwa chai. Akanywa. Uso ukamkunjamana. Kwanza ulimi ulishikwa na uchungu, kisha ukakasi ukayakausha mashavu kwa ndani. Hakusema neno baya. Alimaliza kikombe kwa adabu, akauliza habari za mvua za mwaka huo, akaaga. Fedha zake alikwenda kuzitumia duka jingine.

Mkulima naye alikuwa amekunywa. Alikitazama kikombe, akamtazama kijana, akanyamaza. Kijana ndiye aliyesema.

"Baba Mkubwa, naona mwaka huu chai imetoka kali. Labda ni hali ya hewa."

Ubaya wa kisa hiki ulianzia kwenye maneno hayo. Kuchelewa kumimina kunaweza kumpata mtu yeyote mwenye shughuli. Lakini kijana aliyekuwa ameyasahau majani kwa dakika nne alimgeukia aliyekesha nayo usiku kucha, akampa lawama. Mkulima hakubishana. Alimwachia mzigo auze kwa niaba yake, akapanda basi kurudi mlimani.

Kwa kuwa alikwisha kuamini kwamba chai ni kali, kijana akaanza kuitibu. Mnunuzi wa pili alipokuja, aliyaacha maji yapoe, akapunguza majani mpaka nusu, akamimina na kumwaga vikombeni kabla hajahesabu tatu. Chai ikatoka na rangi ya majani makavu, nzuri kwa macho. Mnunuzi akanusa, akanywa, akanywa tena akitafuta.

"Inanukia kwa mbali," akasema, "lakini mdomoni haina kitu."

Akataja bei ya chai ya mchanganyiko. Kijana, aliyekuwa bado anaumwa na kumpoteza mnunuzi wa kwanza, akakubali. Nusu ya mzigo ikaondoka siku hiyo, ikaenda kuchanganywa na chai nyingine za bei ya chini.

Hata hivyo alikuwa kijana wa kutafuta suluhisho. Aliona kwamba mara ya kwanza alikawia na mara ya pili aliharakisha, basi dawa ni kupima. Akaweka saa mezani na kukata shauri la sekunde 20. Maji ya kwanza sekunde 20, ya pili 20, ya tatu 20, na kuendelea, hapana mjadala. Maji ya kwanza yalinyweka. Ya pili yalitoka mazito kupita kiasi, akadhani ni bahati mbaya. Ya nne yalikuwa mazuri. Ya sita yalipungua, ya saba yakawa mepesi kabisa, na hapo kila mara alilimwaga jani kwenye ndoo na kuanza upya. Aliwaambia wateja kwamba chai ile haidumu.

Siku mzee aliporudi, kabla hajaulizia mauzo, aliinama juu ya ndoo ya mabaki. Akachukua konzi ya majani, akayatandaza kwenye kiganja. Mengi yalikuwa bado yamejisokota.

"Nani kakwambia haya yamekwisha?"

"Babu, maji ya saba yalikuwa matupu."

"Maji ya saba uliyapa muda gani?"

"Sekunde 20."

"Na ya kwanza?"

"Sekunde 20, babu. Nilipima kwa saa."

"Umepima saa," mzee akasema. "Jani hukulipima. Mwanzoni jani limejaa, likiguswa tu linatoa. Mwishoni limebakiwa na kilichojificha ndani, nacho kinataka kungojwa. Umelidai kupita kiasi lilipokuwa nacho, ukalitupa lilipokuomba subira."

Hakumkaripia zaidi ya hapo. Alimpigia mkulima simu akamwomba ashuke mjini, na kesho yake wakaketi watatu kwenye meza ileile, na chai iliyobaki.

Mzee akawasha mkaa, akangoja maji yachemke kweli. Akamimina maji ndani ya buli tupu na juu ya vikombe ili vyote vishike joto. Akatia gramu 8 zilezile, lakini kwa mpangilio: majani makubwa chini na penye mdomo wa buli, yaliyovunjika katikati, makubwa tena juu, ili mdomo usizibe na ungaunga usitoe uchungu wake wote kwa pamoja. Akainua birika juu na kumimina akizungukia ukingo, kwa kuwa maji yakishukia katikati huyapiga majani na kuyatoa ukali mapema. Povu likapanda, akaliondoa kwa kifuniko, akafunika. Maji hayo aliyamwaga upesi. Kazi yake ilikuwa kuyaamsha majani tu. Akamimina tena, akafunika, kisha akalimwagia buli maji ya moto kwa nje.

"Babu, na saa?"

"Tazama buli."

Maji yaliyomwagwa juu ya buli yalikuwa yakikauka kwa joto la udongo wenyewe. Wakati huo mikono ya mzee haikukaa bure. Ilikuwa ikivisuuza vikombe kwa kukiviringisha kimoja ndani ya maji ya kingine, kimoja baada ya kimoja. Kikombe cha tatu kilipokuwa tayari, mgongo wa buli ulikuwa mkavu.

"Sasa."

Mzee hakubuni alama hiyo. Desturi ya chai ya mji wao husema hivyohivyo: maji juu ya buli yakishakauka, chai imeiva. Waliotangulia waliupanga muda wa kuloweka ndani ya kazi yenyewe, hata mwenye kuifanya kazi kwa ukamilifu hana nafasi ya kukawia wala sababu ya kuharakisha. Anayekatisha kazi ili apokee simu amekwisha kuivunja saa yake.

Akamimina kwa kuushusha mkono karibu na vikombe, upesi, akivizungukia vyote vitatu bila kusimama mpaka vikalingana rangi. Kisha akagawa matone ya mwisho, moja huku na moja kule, mpaka buli likawa tupu kabisa. Watu wa Chaozhou huuita mzunguko ule doria ya Guan Gong kuuzunguka mji, na matone yale huyaita Han Xin akihesabu askari wake, majemadari wawili wa China ya kale. Sharti la kumimina lina maneno manne: chini, upesi, sawasawa, yote.

"Hilo la nne ndilo linalosahauliwa," mzee akasema. "Ukiacha hata kijiko kimoja cha maji ndani, majani hayapumziki. Yanaendelea kutoa, na maji yajayo yatarithi uchungu wa yaliyopita."

Maji ya kwanza yalikaa kama sekunde 10. Ya pili aliyatoa mapema zaidi, kwa sababu majani yalikuwa yameamka na yametanuka. Ya tatu vivyo hivyo. Kuanzia ya nne akaongeza sekunde chache kila mara. Ya sita yalikaa nusu dakika, ya nane dakika nzima. Asali ilitangulia, okidi ikafuata, na kila walipomeza utamu ulirudi kooni. Maji ya nane yalikuwa mepesi, lakini hayakuwa matupu.

Mkulima alikuwa hajasema neno tangu maji ya kwanza. Sasa akakiweka kikombe mezani.

"Hii ndiyo chai niliyoileta."

Kijana akainamisha kichwa. Hata hivyo moyo ulikuwa bado unatafuta mlango wa kutokea. "Lakini babu, wapimaji wa ubora mbona huiloweka ulongi dakika nzimanzima, na hakuna anayewalaumu?"

"Ni kweli," mzee akajibu. "Wao hutia gramu 5 katika maji ya mililita 110, wakaiacha dakika 2, mara ya pili dakika 3, mara ya tatu dakika 5. Wanafanya hivyo makusudi, ili kila kasoro ijitokeze. Wao wanaihoji chai. Wewe ulikuwa unamkaribisha mgeni, tena kwa majani mengi zaidi, maji machache zaidi, na muda mara mbili ya wao. Ujue kwanza unataka nini kwenye jani, ndipo ujue la kulifanyia."

Kisha akamsimulia habari za Yuan Mei. Huyu alikuwa mshairi mkubwa wa zama za Qing, mzaliwa wa Hangzhou mwaka 1716, mtu aliyejua kula na kunywa hata akaandika kitabu cha mapishi kinachosomwa mpaka leo, kilichochapishwa mwaka 1792. Hangzhou ni nyumbani kwa chai ya kijani ya Longjing, na Yuan Mei aliandika kwamba siku zote hakuipenda chai ya milima ya Wuyi, mkoani Fujian, ambako ulongi ina asili yake. Aliiona nzito na chungu, sawa na kunywa dawa. Mwaka 1786, akiwa na umri wa miaka 70, alipanda milima hiyo. Watawa wa huko wakashindana kumkaribisha kwa chai, katika vikombe vidogo vya kiasi cha jozi na buli dogo vilevile. Hakuwa na moyo wa kuigugumia. Alinusa kwanza, akaonja, akaiacha chai izunguke mdomoni polepole. Ndipo harufu ikampanda puani na utamu ukabaki ulimini. Akakiri kwa maandishi kwamba jina la Wuyi limestahili, akaiona Longjing ya kwao kuwa safi lakini nyembamba, na akaongeza kuwa majani ya Wuyi yanaweza kutiwa maji hata mara tatu na ladha isiishe.

"Mtu mwenye ulimi kama ule," mzee akamaliza, "alikaa miaka mingi akiilaumu chai, na chai haikuwa na kosa. Yeye alilitengeneza kosa lake kwa kuandika, na maneno yake yamedumu. Wewe utalitengeneza lako kwa nini?"

Kijana hakuwa na jibu, maana yaliyoharibika hayakuwa ya kutengenezeka. Mzee alimwandikia mwenye nyumba ya chai wa Guangzhou kumwomba aje aonje tena. Jibu lilikuja la heshima: amekwisha kupata chai ya mwaka. Nusu ya mzigo iliyouzwa kwa bei ya mchanganyiko ilikuwa imekwisha kuchanganywa, na chai ya mti mmoja ikishachanganywa haichambuliki tena. Maji yakimwagika hayazoleki. Mwaka uliofuata mkulima aliwasalimia kama kawaida alipopita sokoni, lakini mzigo wake aliupeleka kwa mtu mwingine. Hakuwa amekasirika. Alikuwa na mti mmoja na mavuno ya mara moja kwa mwaka, na hakuweza kumudu hasara ya pili.

Hicho ndicho kisa. Mzee, kijana na mkulima ni wa ngano, lakini makosa yao yanafanyika kila siku, hata kwenye meza zetu. Sisi wa Afrika Mashariki tumelelewa na chai ya namna nyingine. Majani yetu mengi hukatwakatwa na kupondwa na mashine mpaka yanakuwa chembe ndogo nyeusi, nazo hutoa rangi na nguvu zake kwa muda mfupi. Chai hiyo inastahimili kuchemshwa sufuriani pamoja na maziwa, tangawizi na iliki, na kwa chai hiyo ndiyo njia yake. Taabu huanza tunapoletewa zawadi ya ulongi na ndugu aliyetoka Guangzhou kibiashara, tukaitia kwenye sufuria ileile kwa desturi ileile, kisha tukasema Wachina hawajui chai. Jani la ulongi ni zima, limekunjwa au kusokotwa, na limetengenezwa lifunguke kidogo kidogo.

Sababu imo ndani ya jani. Vitu vyote havitoki kwa mwendo mmoja. Harufu, amino asidi zenye utamu na kafeini huwahi kutoka. Katekini, ambazo zina sehemu kubwa katika uchungu na ukakasi, huja polepole zaidi na huendelea kuja kadiri maji yanavyokaa. Anayemimina mapema mno hupata harufu isiyo na mwili. Anayekawia hupata kila kitu kwa pamoja, na ukakasi ukafunika vingine vyote. Ndiyo maana mtindo huu wa kutengeneza chai, uitwao gongfu, hutia majani mengi katika maji machache na kuyatoa upesi, mara nyingi: kila maji yachukue sehemu yake.

Kwa anayetaka kujaribu, vipimo hivi vitamfikisha mahali pazuri. Tumia buli dogo au bakuli lenye kifuniko la mililita 100 hivi, gramu 5 hadi 8 za majani, na maji ya nyuzi 95 hadi 100. Kwa majani marefu yaliyosokotwa, kama Dancong za Fenghuang na chai za miamba ya Wuyi, maji ya kwanza yakae sekunde 10 hadi 15, ya pili na ya tatu yasizidi hapo, kisha uongeze sekunde 5 au 10 kila mara. Kwa majani yaliyoviringwa kuwa vidonge, kama Tieguanyin ya Anxi na Dong Ding ya Taiwan, maji ya kwanza yahitaji sekunde 30 hadi 45, kwa sababu kidonge lazima kifunguke kwanza. Ya pili yapunguzwe, maana sasa kimefunguka, kisha muda upande tena taratibu. Ulongi nzuri hutoa mara sita, saba, hata zaidi. Kila mara limimine buli mpaka tone la mwisho. Ikitoka chungu, usiitupe. Fupisha maji yajayo. Ikitoka nyepesi, yaongezee muda. Saa ni msaada mwema kwa anayejifunza, mradi akumbuke kwamba namba hizi ni mahali pa kuanzia, na kwamba kikombe alichokinywa sasa hivi ndicho kitakachomwambia muda wa kikombe kinachofuata.

Wahenga wametuachia methali mbili zinazoonekana kupingana: haraka haraka haina baraka, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Kijana wa kisa chetu alizivunja zote mbili, ya pili kwanza na ya kwanza baadaye, na alipotaka kujiokoa alikimbilia kipimo kimoja kwa kila hali. Makosa hayo matatu yana mzizi mmoja, nao ni kutoliangalia lililo mbele ya macho. Aliyekawia hakuliangalia jani kwa sababu ya simu. Aliyeharakisha hakuliangalia kwa sababu ya hofu. Aliyepima sekunde 20 bila kubadili hakuliangalia kwa sababu alidhani saa itaangalia kwa niaba yake.

Nawasihi wasomaji, na hasa vijana wanaokabidhiwa kazi za wazee wao, tulishike hili. Anayemimina chai ni mkono wa mwisho katika mlolongo mrefu wa mikono. Kabla yake yuko aliyepanda ngazi, aliyekesha na nyungo, aliyelinda makaa kwa wiki kadhaa. Hao hawapo mezani kujitetea mgeni anapokunja uso. Kwa hiyo tusiseme jani ni baya kabla hatujauliza lilikaa majini kwa muda gani, maji yalikuwa na moto gani, na aliyemimina alikuwa anafikiri nini. Vivyo hivyo kwa fundi chipukizi, mwanafunzi, au shamba tulilorithi: tuanze kwa kukagua tulivyowatendea au kulitendea, ndipo tuseme kuna kasoro gani. Tukikuta kosa ni letu, tulitamke mbele ya aliyedhurika, siku ileile, kabla mzigo wake haujauzwa kwa bei isiyo yake.